Muziki Unaomsikiliza Mchezaji: Sauti Inavyofanya Kazi Ndani ya Gemu

Chumba kimoja cha gemu ninachokifahamu huko Igoma, jijini Mwanza, kina runinga tatu, mabenchi mawili na sharti moja lililobandikwa mlangoni: ikifika saa mbili usiku sauti inazimwa, kwa sababu jirani ana mtoto mchanga. Vijana wanaoendelea kucheza baada ya saa hiyo hulalamika kwamba wanapoteza mechi walizopaswa kushinda. Mwenye chumba huwacheka na kuwaambia kuwa mpira ni uleule, pedi ni zilezile na timu ni zilezile. Kuhusu pedi anasema kweli. Kuhusu mpira nina mashaka, kwa sababu gemu iliyozimwa sauti imepungukiwa na sehemu ya maelezo ambayo watengenezaji wake walikusudia yamfikie mchezaji kwa njia ya sikio, na mengi ya maelezo hayo hayapo kabisa kwenye kioo.

Tuanze na mechi yenyewe. Katika gemu za mpira wa miguu, kelele za mashabiki si rekodi moja inayojirudia. Ni mafungu kadhaa ya rekodi: minong'ono ya uwanja uliotulia, mngurumo wa matumaini, kilio cha shuti lililopita pembeni, miluzi ya kuzomea wageni. Programu huyapandisha na kuyashusha mafungu hayo kwa kutazama mpira ulipo, dakika zilizobaki na timu inayoongoza. Mchezaji anayesikia mngurumo ukipanda anajua kwamba shambulizi limefika pabaya hata kama macho yake yako kwenye ramani ndogo iliyo chini ya kioo. Mlio wa mguu unapogonga mpira humwambia ni wakati gani hasa pasi imetoka, na hapo ndipo kidole chake kinapopaswa kujibu. Jambo hili lina msingi katika mwili wenyewe: mtu anayebonyeza kitufe mara asikiapo mlio hutumia kwa wastani takribani milisekunde 150 (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), ilhali anayebonyeza mara aonapo mwanga hukaribia milisekunde 200. Tofauti hiyo ni ndogo mno kwa mtu anayepika ugali, lakini kwa kipa wa kwenye gemu ndiyo inayoamua kama mkono utafika.

Mtangazaji wa mechi naye ni ujanja wa aina hiyohiyo. Aliingia studio akasoma maelfu ya vipande vifupi vya sentensi, pamoja na majina ya wachezaji kwa namna kadhaa za kuyatamka, ya kawaida, ya matarajio na ya mshangao, kisha programu ikaachiwa kazi ya kuviunganisha mechi inapoendelea. Ndiyo maana mara mojamoja jina hutamkwa kwa furaha kubwa wakati mpira umeshaenda jukwaani.

Lakini milio na matangazo ni sehemu nyepesi ya habari hii. Sehemu nzito ni muziki, na uzito wake unatokana na swali moja: utatungaje muziki wa kitu ambacho hujui kitadumu muda gani? Mtunzi wa muziki wa filamu hupewa tukio lililokwisha kukatwa. Anajua kwamba mlango unafunguka katika sekunde ya 42, kwa hiyo huiweka sauti kali ya fidla katika sekunde ya 42, na kila mtazamaji duniani ataisikia hapohapo. Mtunzi wa gemu hana bahati hiyo. Mchezaji mmoja atafika mlangoni kwa nusu dakika. Mwingine atazunguka ukumbini kwa dakika ishirini akitafuta ufunguo. Wa tatu ataacha gemu ikiwa imesimama aende kula, arudi. Muziki lazima uwafae wote watatu, usimchoshe anayezunguka na usimkatikie njiani anayekimbia.

Watu wa kanda ya Ziwa wana mfano wa karibu wa tatizo hili na ufumbuzi wake. Bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ambayo siku hizi wengi huitazama katika makumbusho ya Bujora kule Kisesa au katika sherehe, majembe yakirushwa hewani na kudakwa, ilikuwa ngoma ya kazi. Ilipigwa shambani ili kundi la wakulima liinue na kushusha majembe kwa mwendo mmoja. Mpiga ngoma wa namna hiyo hana wimbo wenye urefu uliopangwa, kwa kuwa wimbo unakwisha tuta linapokwisha, na jicho lake liko kwa walimaji. Mtunzi wa gemu anataka kufanya kazi ya mpiga ngoma huyo bila kuwepo shambani. Inambidi aufundishe mtambo kuangalia majembe kwa niaba yake.

Hatua za kwanza zilikuwa za kubahatisha. Gemu ya Pong, iliyotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, ilikuwa na mlio mfupi kila mpira ulipogonga kibao, na mlio huo haukutungwa na mtu yeyote. Nolan Bushnell, mkuu wa kampuni, alitaka makelele ya mashabiki. Mhandisi Allan Alcorn hakuwa na vifaa vya kuyatengeneza, akachokonoa saketi iliyokuwa tayari inaendesha picha, akakuta ndani yake mitetemo inayoweza kusikika, akaichomoa na kuipeleka kwenye spika. Kwa maneno mengine, mlio uliozaa desturi nzima ulikuwa takataka ya umeme iliyookotwa.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1978, ilikuja Space Invaders ya Mjapani Tomohiro Nishikado, gemu ya kuwapiga risasi wavamizi wanaoshuka kutoka angani, na hapa ndipo muziki ulipoanza kumsikiliza mchezaji. Gemu ile ina noti 4 nzito zinazoshuka na kujirudia. Wavamizi wanapokuwa wengi, mtambo unachelewa kuwachora wote, kwa hiyo wanatembea polepole. Kila unapompiga mmoja, kazi ya mtambo inapungua na waliobaki wanaongeza kasi. Noti zile 4 nazo zinaongeza kasi pamoja nao. Mchezaji huanza kwa mapigo ya moyo uliotulia na kumaliza kwa mapigo ya mtu anayekimbizwa. Anayekimbiza mapigo hayo ni yeye mwenyewe, kwa ufanisi wake, kwani kadiri anavyocheza vizuri ndivyo hofu inavyozidi. Kwa maoni yangu, gemu nyingi zenye okestra kamili hazijapata wazo bora kuliko hilo.

Kisha uliingia wakati wa chipu za sauti, ambao wengi waliokua na mashine za kuchomeka kwenye runinga wanaukumbuka kwa milio yake myembamba. Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, ilikuwa na chaneli 5 tu za sauti: mbili za kubeba wimbo, moja ya besi, moja ya mchakacho uliotumika kama ngoma na milipuko, na moja ya kuchezea rekodi fupi zenye ubora hafifu. Chaneli hizo hizo ndizo zilizopaswa kutoa muziki na milio yote ya mchezo. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, yenye muziki wa Koji Kondo, mhusika anaporuka mlio wa kuruka huiazima chaneli moja kutoka kwenye wimbo kwa kitambo kidogo, kisha huirudisha, na msikilizaji hashtuki kwa sababu besi na mchakacho vinaendelea. Mlio wa kuokota sarafu ni noti 2 tu, ya pili ikiwa juu ya ya kwanza, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwamba mlio unaopanda ni wa kupata. Saa ya gemu inayohesabu kurudi nyuma inapofika chini ya 100, wimbo mzima unaharakishwa. Gemu yote hiyo, picha, kanuni na muziki, ilikaa katika kilobaiti 40, ambazo leo hazitoshi kuhifadhi picha moja ya simu.

Ufukara huo ulikuwa na faida isiyotajwa mara nyingi. Kwa kuwa muziki haukuwa rekodi bali orodha ya noti ambazo chipu ilizipiga papo hapo, ilikuwa rahisi kuubadilisha: kuongeza kasi, kupandisha ufunguo (yaani kuzisogeza noti zote juu kwa pamoja), kunyamazisha ala moja. Mwaka 1991, Michael Land na Peter McConnell wa kampuni ya LucasArts waliifikisha faida hiyo mbali kwa mfumo walioutengeneza, uliojulikana kwa jina iMUSE na kutumiwa kwa mara ya kwanza katika gemu ya pili ya Monkey Island. Mchezaji alipotoka jengo moja kwenda jingine, wimbo haukukatwa. Mfumo ulingoja mahali panapofaa katika mdundo, ukapita kwa kipande kifupi cha kuunganishia, na kuingia katika wimbo wa jengo jipya kana kwamba mpiga kinanda alikuwa amekaa pembeni akimtazama.

Halafu zikaja sahani za CD, hasa kupitia PlayStation kuanzia mwaka 1994, na ajabu ni kwamba sikio likapata na kupoteza kwa pamoja. Lilipata ala halisi, waimbaji halisi, ubora wa sampuli 44,100, yaani vipimo vya wimbi la sauti, kwa sekunde. Lilipoteza unyumbufu, kwa maana rekodi ya okestra huwezi kuiambia ipandishe ufunguo kwa sababu mchezaji ameona nyoka. Kwa miaka kadhaa gemu nyingi zilikuwa na muziki mzuri usiojali kinachotokea, mithili ya redio iliyowashwa ndani ya daladala, ambayo inaendelea kupiga taarabu hata abiria wakigombana.

Siku hizi pande mbili hizo zimepatanishwa kwa njia kuu mbili, na mara nyingi zote hutumika kwa pamoja. Njia ya kwanza ni ya vipande: wimbo hurekodiwa katika vipande vifupi vinavyoweza kufuatana kwa mpangilio wowote, na programu huchagua kipande kifuatacho kila kimoja kinapokaribia kwisha. Njia ya pili ni ya tabaka: wimbo mmoja hurekodiwa mara kadhaa, ngoma peke yake, fidla peke yake, tarumbeta peke yake, na rekodi zote huendeshwa pamoja tangu mwanzo huku nyingi zikiwa zimenyamazishwa. Mchezaji anapotembea msituni husikia fidla tu. Adui anapomwona, ngoma hufunguliwa. Anaposhambuliwa, tarumbeta huongezwa. Adui akifa, tabaka hufungwa moja baada ya nyingine. Hakuna kilichoanza upya, kwa hiyo sikio haligundui mshono. Programu maalumu kama FMOD na Wwise zipo kwa ajili ya kazi hii, na huko ndiko mhandisi wa sauti anakoandika masharti: afya ya mchezaji ikishuka chini ya kiwango fulani, punguza sauti za nje na ongeza mapigo ya moyo.

Programu hizo hizo husimamia jambo lingine la kawaida lakini gumu, yaani hatua za miguu. Hatua moja iliyorekodiwa na kurudiwa mara elfu humkera msikilizaji bila yeye kujua kinachomkera. Kwa hiyo mwendo wa mhusika hurekodiwa kwa hatua nyingi tofauti, juu ya mchanga, mawe, majani, bati, na kila hatua inapotolewa programu huibadilisha kidogo kwa kubahatisha, ama juu kidogo, ama chini kidogo. Anayepanda miamba ya Capri Point kwa miguu atakubali kwamba hakuna hatua mbili zinazolia sawa.

Hatua hizo zinatupeleka kwenye mwelekeo wa sauti, ambao ndio wanaouhitaji zaidi vijana wa gemu za kupigana risasi kwenye simu, kama Free Fire na PUBG Mobile. Binadamu hujua mlio umetoka wapi kwa kulinganisha masikio mawili. Sauti husafiri hewani kwa takribani mita 340 kwa sekunde, na mlio uliotoka kuliani hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto kwa tofauti isiyotimia hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Tena hulifikia la kushoto ukiwa hafifu zaidi, kwa sababu kichwa kimeukinga. Ubongo huzisoma tofauti hizo mbili bila kuombwa. Kujua kama mlio uko juu au chini, mbele au nyuma, ni kazi ya mikunjo ya sikio la nje, ambayo hubadilisha rangi ya sauti kulingana na upande ilikoingilia. Gemu za sasa huiga mahesabu hayo na kutuma katika kila upande wa hedifoni sauti iliyokwisha kucheleweshwa na kuchujwa, kiasi kwamba mchezaji husema kwa hakika kuwa kuna mtu ghorofani, nyuma kushoto, ilhali hajamwona.

Mahesabu yote hayo huporomoka pale mchezaji anapotumia spika moja ya simu, kwa kuwa sauti za kulia na kushoto humwagwa katika tundu moja. Hedifoni zisizo na waya nazo zina kasoro yake: sauti hupakiwa, kurushwa na kufunguliwa, na shughuli hiyo mara nyingi huongeza ucheleweshaji wa milisekunde 100 au zaidi, ambao kwenye wimbo hauonekani lakini kwenye gemu humaanisha kwamba hatua unayoisikia imeshapigwa na mwenye mguu ameshafika mlangoni. Waya wa bei nafuu unaouzwa barabarani pale Makoroboi hushinda hapa, alimradi pande zake zote mbili zinafanya kazi.

Umbali nao husikika. Wakazi wa kando ya ziwa wanalijua hili kupitia radi, maana mawingu ya usiku huzaliwa juu ya maji na mtu aliye Ukerewe huona mwako kwanza, kisha huhesabu. Kila sekunde 3 ni takribani kilomita 1 kati yake na mvua. Risasi ya bunduki ya kivita huwahi kuliko sauti yake, na gemu zinazojali ukweli huuheshimu mpangilio huo: kwanza mchaniko wa risasi inayopita, halafu mlipuko wa bunduki kutoka kule ilikofyatuliwa. Mchezaji anayejua kuhesabu pengo la milio hiyo miwili anapata makadirio ya umbali ambayo hayakuandikwa popote kwenye kioo.

Ukimya nao una kazi yake, na wanaoujua vizuri ni watengenezaji wa gemu za kutisha. Katika Silent Hill ya mwaka 1999, mhusika hubeba redio ndogo inayokwaruza kila zimwi linapokaribia. Mji umejaa ukungu, kwa hiyo macho hayasaidii, na redio ndiyo tahadhari pekee. Kinachomtesa mchezaji ni muda redio inapokuwa kimya, kwa sababu hujikuta anausikiliza ule ukimya, akiungoja uvunjike. Sidhani kama kuna picha inayoweza kumfanyia mtu hivyo.

Kwa wachezaji wasioona, sauti ndiyo gemu yote. The Last of Us Part II, iliyotolewa mwaka 2020 ikiwa na mipangilio zaidi ya 60 ya kuwasaidia watu wenye ulemavu, ina milio maalumu ya kuonyesha njia, kitu cha kuokota na adui aliyelengwa, na wachezaji wasioona kabisa wameweza kuimaliza. Upande wa pili, wasiosikia huhitaji sauti hizo zigeuzwe kuwa alama za kuonekana, na Fortnite ina mpangilio unaochora kwenye kioo mwelekeo wa hatua na risasi. Mambo haya yanathibitisha kiasi cha habari kilichofichwa ndani ya sauti: usingelazimika kukichora kitu ambacho ni pambo tu.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake binafsi ya kulifuatilia somo hili. Mwaka 2005 ilitoka gemu ya mkakati iitwayo Civilization IV, ambayo mchezaji huongoza taifa tangu zama za mawe hadi safari za anga. Mbunifu wake mkuu, Soren Johnson, alimwomba Christopher Tin, Mmarekani aliyewahi kuishi naye chumba kimoja chuoni, atunge wimbo wa ufunguzi. Tin alichukua Sala ya Bwana kama inavyosaliwa kwa Kiswahili, akaiwekea kwaya na ngoma, akaiita Baba Yetu. Rekodi mpya ya wimbo huo, ikiimbwa na Soweto Gospel Choir, ilipewa tuzo ya Grammy mwezi Februari 2011, na ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza iliyotungwa kwa ajili ya gemu kupata tuzo hiyo. Kipengele maalumu cha muziki wa gemu kilianza kutolewa baadaye sana, mwaka 2023.

Mamilioni ya watu wasiojua neno la Kiswahili walifungua gemu ile na kusikia maneno ambayo mtoto wa shule ya Jumapili huko Nyakahoja huyajua kwa moyo. Wao walisikia mwanzo wa historia ya binadamu. Sisi tunasikia sala ya kabla ya kulala. Lolote kati ya hayo si kosa, lakini linaonyesha kwamba mtunzi wa gemu hutegemea pia kile ambacho sikio la mchezaji limekuja nacho kutoka nyumbani. Nakiri kwamba mara ya kwanza nilishindwa kucheza. Nilibaki kwenye ukurasa wa kuanzia, nikisahihisha matamshi.

Ndani ya gemu zenyewe, hata hivyo, sauti za kwetu ni chache. Kijiji cha Afrika kikihitajika, hupigwa ngoma ambayo haijulikani ni ya wapi, juu yake ndege wa msitu wowote. Anayetaka kufanya tofauti hahitaji studio kubwa ili aanze. Kinasa sauti kizuri na alfajiri moja pale mwalo wa Kirumba vingempa injini za mitumbwi, maji yakipiga mbao, wachuuzi wa dagaa wakitajiana bei, na honi ya kivuko ikija kutoka mbali. Siku ya pili angepata njuga, manyanga na zeze kwa wapigaji wanaojua kazi yao, ambao inafaa walipwe na watajwe.

Kwa anayecheza leo jioni, gemu nyingi zina vipimo vya sauti katika mipangilio: muziki, milio na mazungumzo, kila kimoja kikirekebishwa peke yake. Wanaocheza mashindano hushusha muziki hadi chini kabisa na kuacha milio juu, ili hatua za adui zisifunikwe. Mimi huanza gemu mpya nikiwa nimeacha vyote kama mtengenezaji alivyovipanga, na muziki huupunguza baada ya kuijua. Kule Igoma, baada ya saa mbili, wawili kati ya vijana wale sasa huja na kiunganishi kidogo cha matundu mawili, wakachomeka hedifoni zao katika mashine moja. Mtoto wa jirani analala, na kipa ameanza tena kuwahi.